Chungwa Halingoji

Wakulima wa Muheza na wa pwani yote ya Tanga,

Mwaka 2020 maradhi ya korona yalipoingia Afrika Mashariki, michungwa yetu haikuugua. Ilizaa kama desturi yake. Kilichougua ni njia. Tarehe 16 Mei mwaka ule Serikali ya Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania, isipokuwa kwa mizigo, na madereva wakatakiwa kupimwa kwanza. Mnunuzi aliyezoea kuvuka Horohoro na kuja mpaka shambani akazuiwa.

Mwenye mkonge hukausha singa zake akaziweka bohari. Chungwa halingoji: lisipouzwa likiwa bichi, huoza. Kwa hiyo mkulima mwenye mnunuzi mmoja na njia moja hapangi bei, hupangiwa. Mtegemea cha ndugu hufa maskini.

Hatumlaumu jirani, kila serikali hulinda watu wake. Dawa iko mikononi mwetu: tuingie katika ushirika, tuuze kwa sauti moja, tudai viwanda vya kukamua machungwa hapa hapa kwetu. Maradhi mengine yatakuja. Yasitukute kila mtu peke yake na tenga lake.

Umoja ni nguvu.