KUNGOJA MVUA SI KUKAA BURE



Jioni hii nataka kuzungumza nanyi habari ya bustani ya nyumbani, yaani kile kipande kidogo cha ardhi kilicho karibu na jiko, ambamo mama huchuma mboga wakati chungu kimekwisha kutelekwa. Najua wengine watasema, "Mwalimu huyu amekosea majira. Ardhi ni kavu kama tofali, nyasi zimekufa, naye atuletea habari za mchicha mwezi wa Septemba!" Basi hiyo ndiyo sababu ya kusema sasa. Mvua ikisha kunyesha, maneno yangu yatakuwa yamechelewa.

Mimi nakaa Katesh, chini ya mlima Hanang, upande wa kusini. Mlima huu kimo chake chapita mita 3,400, na sisi tulio miguuni pake twaujua kwa baridi yake. Miezi ya Juni, Julai na Agosti upepo huvuma usiku na mchana, na wachungaji hutoka asubuhi wamejifunika mashuka hata masikio. Ifikapo Septemba baridi huanza kupungua, walakini mvua bado iko mbali. Kwa kawaida kwetu huanza mwezi wa Novemba au Desemba, ikaendelea mpaka Aprili au Mei. Hivyo tuna majuma mengi ya kutazama mbingu tu, na katika majuma hayo mboga huwa ghali sokoni, na watoto hula ugali kwa kitoweo kichache.

Msidhani ya kuwa jambo hili ni letu peke yetu. Huko Uingereza, mwezi wa Februari, mtunza bustani husimama dirishani akitazama ardhi yake ikiwa baridi na pengine imeganda. Maji anayo tele. Akikosacho ni joto. Sisi jua tunalo. Tukikosacho ni maji. Walakini yeye hakai bure. Hupanda mbegu katika visanduku vidogo, akaviweka ndani ya nyumba penye mwanga, ili siku ardhi ipatapo joto miche yake iwe tayari. Yeye angoja joto, sisi twangoja maji, lakini kazi ya kungoja ni moja.

Kwanza, tujue tunangoja nini. Wanafunzi, simamisheni kijiti wima katika uwanja wa shule, mkapime kivuli chake kila juma wakati wa mchana jua lifikapo juu kabisa. Mwezi wa Juni jua liko upande wa kaskazini, na kivuli cha kijiti huangukia kusini. Baadaye jua hurudi polepole kuja kwetu, na siku za mwanzo wa Oktoba hupita sawasawa juu ya vichwa vyetu hapa Katesh, hata kivuli karibu hakionekani. Mahali jua linapochoma wima, hewa hupata joto na kupanda juu, na hewa yenye unyevu huja kushika mahali pake. Kwa hiyo mvua hufuata nyuma ya jua, lakini hukawia majuma kadhaa. Mtu aonaye kivuli kimekwisha na mvua haijaja asikate tamaa, wala asipande.

Sasa nitataja kazi nne za wakati huu.

Kazi ya kwanza ni mbolea. Wazee wa Kiiraqw katika nyanda za juu za Mbulu walijua tangu zamani ya kuwa samadi ni mali. Waliikusanya kutoka katika mazizi wakaipeleka mashambani mwao. Nawe, hata ukiwa na mbuzi wawili tu, fanya lundo la mboji. Weka mabua makavu chini, kisha majani mabichi, kisha samadi, kisha majivu kidogo na udongo, ukaanza tena mabua. Maji uliyooshea mboga na vyombo yamwage hapo, usiyatupe njiani. Chomeka fimbo katikati ya lundo. Baada ya siku chache ichomoe na kuishika. Ikiwa ina joto, lundo lafanya kazi. Ikiwa ni baridi na kavu, ongeza maji. Baada ya majuma matatu ligeuze, la chini liwe juu. Lundo la Septemba, likitunzwa vema, litakuwa chakula cha mimea mwezi wa Desemba.

Kazi ya pili ni kujaribu mbegu. Usiingoje mvua ili ikuambie ya kuwa mbegu zako zimeliwa na wadudu. Hesabu maharagwe kumi, yafunge katika kitambaa chenye unyevu, uyaweke mahali pasipo baridi. Baada ya siku saba fungua uhesabu. Yakiota manane au zaidi, mbegu ni njema. Yakiota matano, panda mara mbili. Yakipungua hapo, pika yaliyobaki, ukatafute mbegu nyingine mapema, kabla ya watu wote kuzitaka na bei kupanda.

Kazi ya tatu ni kitalu. Nyanya na kabichi hukaa kitaluni majuma manne mpaka sita. Basi ukizipanda katikati ya Oktoba katika kitalu kidogo, hatua mbili kwa moja, ukakifunika kivuli cha nyasi na kukinyunyizia maji asubuhi na jioni, utakuwa na miche ya kuhamisha mvua itakapokuwa imekaa. Kitalu kidogo hakinywi maji mengi. Lakini usikifanye ndani ya korongo wala ukingoni mwa mto kwa ajili ya kufuata unyevu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yataka mita 60 kutoka kingo za mto ziachwe bila kuharibiwa kwa shughuli zetu, na sababu yake nitaieleza.

Kabla ya kufika huko, nitawaambia kosa langu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza Katesh, mvua ilinyesha usiku mmoja mwanzoni mwa Novemba. Asubuhi niliona ardhi imekuwa nyeusi, nikafurahi, nikapanda mbegu zangu zote siku ile ile. Jirani yangu, bibi mmoja mtu mzima, alikuwa ameegemea jembe akinitazama.

Nikamwuliza, "Bibi, mbona hupandi?"

Akasema, "Mwalimu, mvua hii imelowesha midomo tu. Koo la ardhi bado kavu."

Nilidhani ni maneno ya kikale, nami nilikuwa mtu wa vitabu. Basi jua likawaka siku kumi na nane. Maharagwe yangu yalichipua, yakainama, yakafa. Naye bibi, hata baada ya hapo, alipoona wakati umefika, alizigawa mbegu zake mafungu matatu, akapanda fungu moja moja. Mwezi wa Desemba nilikwenda kwake kuomba mbegu, mimi mwenye mshahara. Alinipa, wala hakunicheka. Alinionyesha kipimo chake: chimba kwa jembe baada ya mvua, kisha pima kwa mkono. Unyevu usipofika shibiri moja kwenda chini, ngoja. Ukifika, panda fungu la kwanza.

Kazi ya nne ndiyo kubwa, nayo ni kuyatengenezea maji njia. Sisi tunaokaa miteremkoni twaomba mvua, tukasahau ya kuwa maji hayakai mahali tuombapo. Hushuka, na yashukapo mbio huchukua udongo mzuri wa juu pamoja na mboji uliyoitaabikia. Dawa yake ni mifereji inayokata mteremko, iliyo sawasawa, isiyoinama upande wowote.

Kupima usawa si kazi ya fundi peke yake. Twaa miti miwili yenye urefu mmoja, uifunge pamoja juu na kuitanua chini, kisha funga fito katikati, ikawa kama herufi A. Kutoka kileleni ning'iniza uzi wenye jiwe. Hiyo ni timazi. Pigilia vigingi viwili, simamisha miguu juu yake, utie alama mahali uzi unapogusa fito. Geuza miguu, kila mmoja ushike mahali pa mwenzake, utie alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Sasa tembeza chombo chako shambani, na kila uzi unapoangukia katikati, piga kigingi. Fuata vigingi hivyo kwa jembe, na udongo uutupe upande wa juu. Jirani zetu wa Ukambani, nchi ya Kenya, huita njia hii "fanya juu". Juu ya tuta hilo panda majani ya ng'ombe, mizizi yake ishike udongo. Ardhi ya Septemba ni ngumu, najua. Chimba hatua tatu kwa siku; kufikia Novemba utakuwa umekwisha.

Ndugu zangu, hapa yanipasa kusema jambo zito. Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima Hanang iliyokuwa imeshiba maji ilimeguka. Tope, mawe na magogo vilishuka kwa kufuata makorongo, vikaingia Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Sisemi ya kuwa mfereji wa bustani ungaliuzuia mlima. Nikisema hivyo nitakuwa mwongo, tena nitawakosea waliofiwa. Mlima ukimeguka, mtu hukimbia tu. Ninalosema ni kwamba njia ya maji ni ya maji. Mto uliokauka mwezi wa Septemba haukufa, umelala tu. Ndiyo maana tusipande wala tusijenge kitandani mwake. Na maji ya kila siku, yale yasiyotajwa katika habari, hayo twaweza kuyapunguza mwendo, nayo kila mwaka huchukua udongo wetu kidogo kidogo. Asiyeziba ufa atajenga ukuta.

Bustani ya yule bibi jirani yangu ilifunikwa na tope lile. Yeye mwenyewe aliokoka. Mwaka uliofuata, mwezi kama huu, nilipita kwake jioni nikamkuta akichimba mfereji pembeni mwa kiwanja, mahali pa juu zaidi kuliko pale pa zamani. Kando yake palikuwa na lundo la mboji lililochomekwa fimbo. Nilisimama, nikakosa neno la kusema. Mwisho nikamwuliza kama haogopi kungoja mvua tena.

Akafuta jasho, akajibu, "Mwalimu, mvua naiogopa, na bila mvua sili. Sasa nifanyeje? Nachimba."

Nikavua koti, nikaomba jembe la pili. Tulichimba mpaka giza likaingia, na siku ya pili niliwaleta wanafunzi wangu na ile herufi A.

Wasikilizaji, hatuwezi kuiagiza mvua ije, wala kuizuia isizidi. Tulilopewa ni majuma haya machache yaliyo makavu. Basi kesho asubuhi chomekeni fimbo katika lundo, hesabuni mbegu kumi, pimeni hatua tatu za mfereji. Mawingu yatakapokuja kukaa juu ya Hanang, yatukute tukiwa na majembe mikononi.

Kwa herini.