Mbwa na Paka Wanapotapika kwa Ghafla: Tufanye Nini?

(Mazungumzo ya daktari wa mifugo na wakaazi wa shehia ya Paje)

 

Huenda mtu akajiuliza: tuna shida za maji, barabara na taka, na leo tumeitwa kuzungumzia matapishi ya paka? Naomba subira yenu. Mnyama anayetapika mara nyingi hutuonesha kilichomo katika jaa letu, katika diko letu na katika kabati letu la dawa. Sumu inayomwangusha paka leo yaweza kumfikia mtoto kesho.

Tumbo la mbwa na la paka lina utando laini ndani yake. Utando huo ukiunguzwa au ukikwaruzwa huvimba kwa ghafla, na mnyama hutapika ili atoe kinachomdhuru. Kwanza hutoka chakula, kisha povu jeupe au maji ya manjano ya nyongo. Hukataa kula, hujikunyata, na akiguswa tumbo hulalamika. Mara nyingi hali hii hupoa kwa siku moja au mbili. Hatari ni kwamba ugonjwa mwepesi na ugonjwa wa kuua huanza kwa dalili hiyo hiyo moja.

Sababu zake hapa kwetu tunazijua. Ya kwanza ni jaa: mabaki ya vyakula vya nyumbani na mahotelini yaliyochacha, mifupa ya kuku iliyopikwa ambayo huvunjika vipande vyenye ncha, na mifuko ya plastiki yenye harufu ya nyama. Ya pili ni pwani yenyewe. Mbwa anayecheza ufukweni mchana kutwa bila ya maji matamu hunywa maji ya bahari, na chumvi ile humtapisha na kumharisha. Akinywa mengi yaweza kumuua. Paka naye humeza ndoana iliyobakia na chambo. Mkiona mshipi unaning'inia mdomoni au nyuma, msiuvute, kwani mtaukata utumbo. Mleteni kama alivyo.

Ya tatu ni bunju. Wavuvi wetu wanamjua samaki huyu, hawamli, lakini wengine humtupa mchangani. Sumu yake imo zaidi katika ini, mayai na ngozi, wala haiondoki kwa kupikwa. Mnyama aliyemla hutapika, hutetemeka, huyumba, kisha viungo hulegea mpaka pumzi ikakatika. Haina dawa ya kuivunja; tunaloweza ni kumsaidia mnyama apumue mpaka imtoke. Ndugu wavuvi, bunju azikwe shimoni, asiachwe penye watoto na wanyama.

Ya nne ni huruma isiyo na elimu. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba ambayo paka alitapika asubuhi mara mbili. Mama mwenye nyumba, kwa mapenzi yake, alimpa nusu kidonge cha Panadol. Nilipofika, ufizi wa paka ulikuwa umegeuka rangi ya udongo, uso umevimba na pumzi ni ya shida. Hakufika magharibi. Kilichomuua si tumbo, ni kidonge. Mwili wa paka hauwezi kuivunja dawa ile, na kidonge kimoja tu chatosha kumuua. Aibuprofeni na diklofenaki nazo hutoboa matumbo ya mbwa na paka. Dawa ya binadamu asipewe mnyama ila kwa amri ya daktari.

Basi tufanyeje? Ikiwa mnyama ni mzima wa umri, ametapika mara moja au mbili, na bado ana nguvu, mwondoleeni chakula: mbwa kwa saa 12 hadi 24, paka isizidi saa 12. Maji msimnyime, ila mpeni kidogo kidogo, vijiko vichache kila nusu saa, kwani akinywa bakuli zima atalitapika. Akitulia, mpeni wali laini uliochanganywa na kuku au samaki wa kuchemsha, bila ya mfupa, mafuta, kitunguu wala viungo. Mpeni sehemu ndogo mara tatu au nne kwa siku, kwa siku mbili au tatu, ndipo arudi kwenye chakula chake. Msimnyweshe maziwa mkidhani yanaua sumu, wala maji ya chumvi ili atapike zaidi.

Msingoje nyumbani mkiona mojawapo ya haya: kutapika kunazidi siku moja; matapishi yana damu au yanafanana na machicha ya kahawa; hata maji hayakai; ufizi umepauka au umekauka; ngozi ya shingo ikivutwa hairudi upesi; tumbo la mbwa mkubwa limejaa naye ajikamua bila ya kutoa kitu; au mnajua kwamba amekula sumu ya panya au dawa ya kuulia wadudu. Njooni na chupa au karatasi ya sumu hiyo. Mtoto wa mbwa au wa paka asifungishwe njaa, aletwe siku hiyo hiyo. Mtoto wa mbwa anayetapika na kuharisha damu huenda ana ugonjwa wa parvo, ambao huzuiwa kwa chanjo.

Jambo la mwisho ni zito. Mbwa anayetokwa na mate, anayeshindwa kumeza na aliyebadilika sauti, msidhani amekwamwa na mfupa mkatia mkono kinywani. Huenda ni kichaa cha mbwa. Jiepusheni naye, mpeni taarifa Sheha na ofisi ya mifugo. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya bila ya kuchelewa. Dalili zikishamtokea mtu, karibu hapana anayepona. Kule Pemba kichaa kilitoweka mwaka 2014, kikarudi mwaka 2016. Kwa hiyo chanjo ya mbwa haina likizo.

Najua wako wanaojiepusha na mbwa kwa ajili ya unajisi, nao wana haki yao. Lakini kujiepusha si kutesa, na kumwekea mnyama maji hakumlazimu mtu kumgusa. Tufunike majaa yetu, tuzike bunju, tuokote ndoana, tufungie dawa zetu. Kazi hizo nne hazihitaji bajeti ya Halmashauri, na faida yake itawafikia wanyama na watoto wetu pia.

 Sasa nayakaribisha maswali yenu.