Oili ya Kompresa ya AC ya Gari: Tupime, Tusikisie
(Mada kwa semina ya mafundi wa magari, Pujini, Pemba)



1. Maana ya maneno

Kompresa husukuma gesi. Kondensa hutoa joto nje, evapareta hulivuta kutoka ndani ya gari, chujio hunasa unyevu. Oili hulainisha kompresa, nayo huzunguka pamoja na gesi. Haya mnayajua; tuendelee.

2. Tatizo lenyewe

Injini ina kijiti cha kupimia oili. Kompresa nyingi za magari yetu hazina. Basi fundi hushusha kompresa iliyokwama, humwaga oili yake mchangani, hufunga nyingine, kisha huongeza "kidogo". Kidogo hicho ni kiasi gani? Miaka yote nauliza, sijajibiwa. Simlaumu mtu, mteja anasubiri na jua linakuchwa. Mimi mwenyewe nimewahi kuua kompresa mbili za gari moja kwa kukisia.

Wenyeji wa hapa mnajua masimulizi ya kisima cha Mkama Ndume, mtawala wa zamani wa hapa Pujini: kiligawanywa kwa ukuta ili wake zake wawili wasionane wakiteka. Ukuta ulitenganisha watekaji, maji yakabaki yale yale. Oili ya AC ni vivyo hivyo. Iliyomo ndani ya kompresa na iliyotanda kwenye kondensa, evapareta na mabomba ni oili moja, yenye kiasi kimoja.

Kompresa mpya mara nyingi huja na oili ya kutosha mfumo mzima. Tuseme ina mililita 120, na ile ya zamani imetoa 50. Maana yake 70 zimebaki ndani ya gari. Ukifunga bila kupunguza, mfumo utakuwa na 190. Oili ya ziada hupaka kuta za evapareta, ubaridi hupungua. Mteja akirudi analalamika, fundi huongeza gesi, presha hupanda, na mwisho valvu huvunjika.

Upungufu nao huua. Gesi ikivuja, huondoka na oili. Anayerudisha gesi peke yake kila mara anaikausha kompresa polepole, hadi inasagika na kutapanya chembe za chuma kila mahali.

Aina ya oili pia ina hatari zake. Gesi ya R134a kwa kawaida hutumia oili ya PAG, yenye mnato tofauti: 46, 100 au 150. Magari ya haibridi yenye kompresa ya umeme mara nyingi hutaka oili ya POE. PAG humo hupitisha umeme na kuharibu kinga ya nyaya. Tena PAG hunywa unyevu, na hewa ya Pemba inao tele.

3. Mapendekezo

(a) Oili ya kompresa ya zamani ipimwe kwa kikombe chenye alama za mililita, isimwagwe.
(b) Kompresa mpya ipunguzwe oili hadi ilingane na kipimo hicho.
(c) Bomba likiwa limepasuka, au chembe za chuma zikionekana, kipimo hicho kisitumike: mfumo usafishwe, chujio libadilishwe, na oili yote ijazwe kwa kiasi cha kitabu cha gari.
(d) Kondensa au evapareta ikibadilishwa, oili iliyotoka nayo irudishwe kwa kiasi cha kitabu.
(e) Aina ya oili isomwe kwenye kibandiko cha gari au cha kompresa.
(f) Chupa iliyokaa wazi isitumike.
(g) Uvujaji uzibwe kabla ya kujaza gesi.
(h) Kila gereji iandike kiasi kilichotoka na kilichoingia.
(i) Vyuo vya amali viwape wanafunzi nafasi ya kupima oili kwa mikono yao, si ubaoni tu.
(j) Narudia: oili ya zamani ipimwe, isimwagwe.

Kikombe kiko hapa mezani, na kompresa kuukuu iko pale mlangoni. Kabla ya chakula, kila mmoja aje amimine na asome alama mwenyewe.