Benki Iliyo Mfukoni



Nimeombwa nieleze kama simu imezinufaisha benki za biashara. Naam, imezinufaisha, lakini si kama wengi wadhanivyo. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikapeleka fedha bila kupita benki. Novemba 2012, Commercial Bank of Africa ilishirikiana na Safaricom kuanzisha M-Shwari. Benki yenye matawi machache ikapata mamilioni ya wateja pasipo kujenga ukuta hata mmoja wala kuajiri karani wa dirishani. Akiba zao ndogo ndogo zikawa mtaji wa kukopesha.

Mapato yenyewe yamo katika mikopo. Aliyekopa shilingi 1,000 kwa siku 30 alirudisha 1,075. Sabini na tano! Nani atashtuka? Lakini hiyo ni asilimia 7.5 kwa mwezi. Anayekopa kila mwezi hulipa 90 kwa mwaka. Kweli, benki hugawana na kampuni ya simu, na wasiolipa huila faida. Hata hivyo, ofisini kwetu wapo vijana ambao mshahara wao, ukiingia asubuhi, jioni umekwisha rudi benki.