Mama Mjamzito Akiumwa na Kichwa Ghafla



Leo tuongee juu ya jambo tunalokutana nalo tukitembelea vijiji. Mama ana mimba ya miezi saba. Kichwa kinamuuma sana, macho yanaona ukungu ama vimulimuli. Nyumbani anaambiwa, "Ni jua tu, meza dawa ulale." Hapo ndipo tunapokosea.

Mimba ikishapita miezi mitano, dalili hizi zaweza kuwa za presha ya mimba. Nyingine ni uso na mikono kuvimba ghafla, na maumivu chini ya mbavu upande wa kulia. Presha ikifika 140/90 imepanda. Ikifika 160/110 ni hatari kubwa. Asipotibiwa anaweza kushikwa na kifafa cha mimba, tukampoteza yeye na mtoto. Si mapepo, wala hakurogwa.

Basi tufanye nini? Asingoje kesho, hata kama ni usiku. Apelekwe hospitali yenye wodi ya akina mama; kuna sindano ya kuzuia kifafa hicho. Akishikwa njiani, mlazeni kwa ubavu wa kushoto, wala msimtie kijiko mdomoni.

Hata akiisha kujifungua, tumchunge kwa wiki sita, maana presha hii yaweza kuja baadaye.

Swali letu kwenu: je, kikundi chenu kimeweka akiba ya nauli ya gari la usiku? Mkikutana tena, anzeni na hilo.