AFYA KATIKA MIEZI YA BARIDI

Haya ni maneno ya hotuba iliyotolewa mbele ya wazee, walimu na wenyeji wa nyanda za juu za kusini mwa Tanzania.



Nimeombwa niseme machache juu ya kutunza afya katika majira ya baridi. Sitasema mengi, maana mtu anayetetemeka hapendi maneno marefu. Nitasema juu ya maadui wawili ambao sisi wenyewe huwafungia ndani ya nyumba zetu, na juu ya kazi ya dakika moja iwezayo kuokoa uhai wa mtoto.

Watu wa pwani wakiambiwa ya kuwa katika nchi hii kuna mahali ambapo umande huganda, hustaajabu. Lakini ninyi mwajua. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na uwanda wa Kitulo wafika kiasi cha mita 2,600. Tangu Juni mpaka Agosti jua huwa upande wa kaskazini, na upepo wa kusi hutuletea ubaridi na ukungu. Asubuhi nyingine mkulima huona sakitu nyeupe juu ya majani, na viazi vyake vimenyauka kana kwamba vimepitiwa na moto.

Basi katika miezi hiyo kikohozi husikika katika kila nyumba, nasi husema, "Ni baridi tu." Maneno hayo ni kweli nusu. Baridi hudhoofisha ulinzi wa pua na koo, lakini baridi haizai vidudu vya maradhi. Vidudu hutoka kwa mtu na kumwingia mtu. Mwezi wa baridi ukiingia twafunga mlango, twaziba dirisha kwa gunia, twalala watu sita katika chumba kimoja, na pumzi ya mmoja huwa pumzi ya wote. Mmoja akiwa na mafua, kesho wanayo wote. Mmoja akiwa na kifua kikuu asichokijua, mambo huwa mabaya zaidi.

ADUI WA KWANZA NI MOSHI. Wazee wetu walijenga nyumba za nyasi, na moshi ulipata njia ya kutokea katikati ya nyasi. Leo twajenga kwa matofali na mabati, na hayo ni maendeleo mema. Lakini jiko la kuni likiwamo katika nyumba hiyo iliyofungwa, moshi hauna pa kwenda ila vifuani mwetu. Anayeuvuta zaidi ni mama apikaye, na mtoto aliye mgongoni mwake. Waganga wamepima jambo hili katika nchi nyingi, wakaona ya kuwa mtoto akaaye katika moshi wa jikoni yumo katika hatari ya kushikwa na kichomi karibu mara mbili kuliko mwenziwe asiyekaa humo.

Dawa yake si ghali. Jiko na liwe na chumba chake mbali na chumba cha kulala. Palipo na uwezo pajengwe bomba la kutolea moshi. Pasipo na uwezo yaachwe matundu mawili juu ya ukuta, kila upande moja, ili hewa ipite. Kuni zikaushwe tangu mapema, maana kuni mbichi hutoa moshi mwingi na moto kidogo. Na mtoto mdogo asikalishwe karibu na moto, kwa ajili ya moshi na kwa ajili ya kuungua.

ADUI WA PILI NI JIKO LA MKAA LILALALO NDANI. Huyu ni mbaya kuliko wa kwanza, kwa sababu haonekani. Mkaa ukishika vizuri hautoi moshi, nao mtu hudhani ya kuwa hauna madhara. Huliingiza jiko chumbani, hufunga mlango, watoto huota moto, wote hulala. Kumbe mkaa unatoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Hewa hiyo haina rangi, wala haina harufu, wala haiwashi macho. Ikiingia katika damu hushikamana nayo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko hewa safi ya oksijeni, na damu haiwezi tena kuchukua oksijeni na kuipeleka mwilini. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, husikia kichefuchefu, miguu hulegea; na kama amekwisha kulala, hasikii lo lote. Asubuhi majirani hugonga mlango, hakuna aitikaye, na watu huanza kunong'ona habari za uchawi. Ndugu zangu, si uchawi. Ni mkaa.

Kwa hiyo nawasihi: lichukueni neno hili moja hata kama mtayasahau yote mengine. Jiko la mkaa lisilale chumbani pamoja na watu, hata kwa usiku mmoja, hata kama kuna mgeni, hata kama kuna mzazi na mtoto mchanga. Wala msidhani ya kuwa kuweka sufuria ya maji juu yake huondoa sumu, haiondoi. Mkimkuta mtu amezidiwa na hewa hiyo, fungueni milango na madirisha, mtoeni nje mara moja, mkampeleke hospitali, hata kama amezinduka na kusema ni mzima.

Sasa nasema juu ya mtoto na kichomi, ambacho wengine hukiita homa ya mapafu. Ugonjwa huu si mchezo. Katika mwaka 2019 peke yake, watoto zaidi ya 740,000 walio chini ya miaka mitano walikufa kwa kichomi duniani. Wengi wao hawakufa kwa kukosa dawa katika ulimwengu, maana dawa ipo. Walikufa kwa sababu dawa iliwafikia kwa kuchelewa, au haikuwafikia kabisa.

Mama huniuliza, "Nitajuaje kwamba kikohozi hiki ni mafua ya kawaida au ni kichomi?" Hili ni swali jema, na jibu lake ni kuhesabu. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mfunue kifua na utazame kinavyopanda na kushuka. Kila kupanda ni pumzi moja. Hesabu kwa dakika moja nzima kwa saa ya mkono au ya simu. Mtoto asiyetimiza miezi miwili akifikisha pumzi 60 au zaidi, ni hatari. Wa miezi miwili mpaka kumi na miwili, ni pumzi 50. Wa mwaka mmoja mpaka mitano, ni pumzi 40. Tena tazama chini ya mbavu: ikiwa pale panaingia ndani kila avutapo pumzi, usingoje. Na mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, atapikaye kila kitu, aliyeshikwa na degedege, au aliyelegea hata haamki vema, huyo hangoji kupambazuka. Mtoto mchanga naye, mwili wake ukiwa wa moto au ukiwa wa baridi kuliko kawaida, apelekwe siku ile ile.

Wako watu wampelekao mtoto mwenye kikohozi akakatwe kimeo. Acheni desturi hiyo. Kimeo si chanzo cha kikohozi, na kisu huleta damu na vidonda, nazo siku zenye thamani hupotea. Wako pia wanunuao vidonge dukani, au wampao mtoto dawa iliyobaki ya ndugu yake. Mafua hayaponi kwa dawa za kuua bakteria. Na kichomi chataka dawa ya kipimo chake, itolewe na mganga, nayo imalizwe yote.

Tena kuna kinga. Tangu mwaka 2013 Tanzania yatoa chanjo ya kuzuia vidudu vikubwa vya kichomi kwa watoto wachanga, katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Mama asiache kwenda kwa sababu ya ukungu wa asubuhi. Na maziwa ya mama peke yake, kwa miezi sita ya kwanza, ni ngao nyingine ambayo hainunuliwi.

Juu ya mavazi na chakula nitasema kwa ufupi. Nguo mbili au tatu nyepesi zivaliwazo moja juu ya nyingine hutunza joto kuliko nguo moja nzito. Aliyelowa na abadilishe nguo upesi. Mtoto mchanga asiogeshwe kabla ya saa 24 tangu kuzaliwa, naye ni vema alazwe kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi, kisha wafunikwe pamoja; hakuna moto upitao joto la mama. Wazee wapewe blanketi la kutosha na uji wa moto. Tuleni maharage, mboga, maziwa na parachichi zetu, tusiziuze zote. Maji tunywe, hata kama kiu haipo. Na pombe haipashi mtu moto: huleta damu karibu na ngozi, mtu akajiona ana joto, kumbe joto lake latoka nje na kupotea.

Basi namaliza kwa kuwapa kila mmoja kazi yake. Walimu, wafundisheni wanafunzi wakubwa kuhesabu pumzi, ili kila nyumba iwe na mtu ajuaye kazi hiyo. Tena fungueni madirisha ya darasa hata kunapokuwa na baridi. Wakubwa wa vijiji, kila mkutano wa mwezi Mei semeni neno la jiko la mkaa kabla ya mambo mengine yote. Akina baba, toboeni yale matundu mawili ukutani kabla baridi haijaingia, na nauli ya kwenda hospitali iwe imewekwa kando, mama asije akakungoja urudi mtoto akiwa anahema.

Wahenga walisema, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Lakini katika miezi ya baridi mimi nawaambia msizibe kila tundu. Liacheni moja, hewa ipite, nanyi mpate kuamka wote asubuhi.