Jaji Mwalusanya na Kibanja cha Binti



Kabla ya harambee nimeombwa niseme machache. Nimechagua kumzungumzia Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, kwa sababu hukumu yake iliyosomwa mbali sana ilianzia hapa kwetu Muleba.

Mwaka 1988 mama mmoja mzee aliuza kibanja alichorithishwa na baba yake kwa wosia halali. Umri ulimwelemea na hakuwa na wa kumtunza. Aliuza kwa shilingi 300,000, na mnunuzi hakuwa mtu wa ukoo. Siku ya pili yake, ndugu wa ukoo akafungua shauri Mahakama ya Mwanzo Kashasha, akidai mwanamke hana ruhusa kuuza ardhi ya ukoo. Akashinda. Mahakama ya Wilaya ikatengua. Rufaa ikaenda Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya.

Kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zilikuwa upande wa ukoo: binti atumie, asiuze. Lakini haki za binadamu zilikuwa zimeingizwa katika Katiba mwaka 1984, na ibara ya 13 inakataza ubaguzi. Februari 1990 Jaji akaamua kwamba mwanamke anaweza kuuza kwa masharti yale yale ya mwanamume. Ukoo ukitaka ardhi isitoke, urudishe bei na kuikomboa, kama ungefanya kaka angeuza. Ndugu zangu, hakuudharau ukoo. Alikataa tu mizani miwili.

Hakushinda kila mara. Mwaka 1994 alitamka kuwa adhabu ya kifo inapingana na Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Hata hivyo, sheria za ardhi za mwaka 1999 zilitamka kwamba haki ya mwanamke katika ardhi ni sawa na ya mwanamume.

Je, kazi imekwisha? Hapana. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ilikuwa bado inaitaka Tanzania irekebishe kanuni za mirathi za kimila, baada ya wajane wawili kulalamika. Na mimi ninajua kwa nini. Baba yangu alipofariki hakuacha wosia wala mtoto wa kiume. Mama yangu aliondoka kibanjani na mwiko na blanketi. Hukumu ya Mwanza ilikuwepo tayari. Hakuna aliyetuambia.

Mama wa Kashasha alikuwa na vitu viwili ambavyo mama yangu hakuwa navyo: karatasi ya baba yake, na njia ya kufika mahakamani. Hivyo ndivyo tunavyochangia leo. Fedha za mwaka huu zitalipia msaidizi wa kisheria atakayezunguka kata zetu akiwasaidia watu kuandika wosia, kuomba hati za kimila, na kufuata mashauri yao.

Kina baba, naomba mchango wenu wa pili usiwe wa fedha. Mkirudi nyumbani, andikeni wosia, na jina la binti liwemo. Jaji alishamaliza sehemu yake.

Karibuni tuchange.